Kigego Ameshiba

Sikuwahi kumpiga mtu mzima mpaka alasiri niliyompiga mume wangu kwa mchi wa kinu. Tulikuwa tunaishi Nkowe, miaka ile Wazungu wa karanga wanang'oa msitu kule Nachingwea wapate mashamba, naye alikuwa kibarua wao. Trekta mbili zilikokota mnyororo mnene uliofungwa katikati yake, miti ikalala, na vibarua wakafuata nyuma na mashoka. Alikuwa akirudi nyumbani na misuli na majivuno, na kwa kweli nilimpenda.

Binti yetu wa kwanza akaanza kuota meno, na jino la kwanza likatokea ufizi wa juu. Mtoto wa namna hiyo tulimwita kigego. Kigego, walisema wakubwa, hula: humla baba, humla mama, akiachwa akue humaliza ukoo. Dawa yake ilikuwa maji. Wanawake walimpeleka mtoni alfajiri, wakarudi mikono mitupu, na haikuruhusiwa kulia. Nikiwa mwali niliwaona wakirudi, nami nikaamini kama wenzangu kwamba mambo ya kesho yameshaandikwa kwenye ufizi.

Kisha ufizi ukawa wa mwanangu.

Mama mkwe aliliona jino mtoto alipopiga mwayo. Hakupiga kelele. Alikaa chini, akasema, "Lisemwalo lipo. Kama halipo, laja."

Wiki ileile mnyororo ulikatika Nachingwea, ukampasua kifua mwenzake mume wangu aliyekuwa amesimama karibu naye. Alikuja nyumbani damu ya mwenziwe imemkaukia kwenye shati, akaambiwa habari ya jino kabla hata hajanywa maji.

"Kumbe ule mnyororo ulikuwa unanitafuta mimi," akasema, akaenda moja kwa moja ndani kumchukua mtoto.

Nikaacha kutwanga mtama, nikasimama mlangoni. Akanipiga kofi nikaona giza, akanipiga teke la tumbo, akanivuka na mtoto kwapani akilia. Mama mkwe akanikamata kanga. Nilimng'ata mkono mpaka akaniachia. Sikuona aibu, na hata leo sioni. Nikauchukua mchi, nikamkimbilia mume wangu, nikampata kwenye njia ya mtoni. Pigo la kwanza lilimpata begani, mtoto akaanguka kwenye majani. La pili alilikinga kwa mkono, na mfupa ukalia kama muhogo mkavu ukivunjwa. Lingempata kichwani ningekuwa mjane, na wakati ule nisingejali.

Watu wakaja mbio na mapanga. Shemeji yangu akanishika nywele, akanibwaga chini. Mama mkwe akafika huku damu inamtiririka, akapiga yowe: "Mmeona? Kigego kaanza kula! Kala mkono wa mwanangu!"

Hapo alikosea. Wote walimgeukia mtoto, nami nikaona kwamba kama lisemwalo laja, basi heri niwahi kusema mimi. Nilipaza sauti palepale chini, mdomo umejaa mchanga.

"Ndiyo, kala! Kala mfupa wa baba yake, kala na damu ya bibi yake. Keshakula, ameshiba! Nani kati yenu kasikia kigego akila mara mbili?"

Hakuna aliyesikia, kwa kuwa hakuna kigego aliyewahi kuachwa aishi. Wakatazamana. Shemeji akaniachia nywele. "Ameshiba," akasema mtu mmoja nyuma, kama anayelijaribu neno kwenye ulimi. Mwingine akalirudia. Mpaka jua linatua neno hilo lilikuwa limefika kijiji kizima, na aliyebisha alionekana mjinga asiyejua mila. Nililitunga kwa hofu tu, lakini baada ya siku chache hata mimi nililiamini.

Mume wangu hakurudi kwenye karanga msimu ule. Alilala mkekani, mkono umefungwa kwa vijiti, akinitazama nikinyonyesha. Siku moja akaniuliza polepole, "Mke wangu, ameshiba kweli?"

"Ameshiba."

Akaunyosha mkono wake mzima. "Basi nipe nimpakate."

Moyo ulitaka kumpa, mikono ikakataa. Sikumpa, si siku ile.