Maziwa ya Aliyeshtuka

Mara ya kwanza ilinikuta sokoni Tshopo, nikichagua majani ya pondu, mtoto wangu wa miezi mitatu mgongoni. Moyo ulianza kudunda ovyo, vidole vikafa ganzi, hewa ikakataa kuingia. Nilijua ninakufa. Wauza samaki walinizunguka, wakanimwagia maji, kila mmoja na ugonjwa wake wa kunipa: presha, minyoo, ndoki, yaani uchawi. Baada ya robo saa nilikuwa mzima, nimelowa, nimeaibika.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mama mkwe alinipokea mlangoni, akamfungua mtoto mgongoni bila hata salamu.

« Maziwa ya mama mwenye kushtuka inaharibika, » akasema. « Mutoto hatanyonya mpaka woga itoke. »

Kwao jambo hilo halina mjadala. Mwanamke akishtuka, maziwa hukamuliwa na kumwagwa kutwa nzima, basi. Lakini woga wangu ulirudi kesho yake, na keshokutwa, na kila ukirudi mama mkwe alianza kuhesabu upya. Mtoto akawa anapewa maji ya mchele kwa kijiko. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikikamua maziwa mazuri na kuyamwaga mchangani, huku nikimsikia akilia ndani. Niseme wazi: nilimchukia yule mama. Mume wangu alikuwa Banalia kwa biashara, na kwenye simu akaniambia nimsikilize mama yake. Nikamchukia na yeye.

Siku ya nne nilikwenda zahanati. Muuguzi alinipima moyo na presha, akaniuliza maswali mengi, kisha akacheka kidogo, bila dharau.

« Bon, hii si ndoki. Inaitwa crise de panique, woga wa gafula. Inapanda, inafika juu, inashuka yenyewe. Usipigane nayo. Toa pumzi polepole. Na maziwa yako haiko na shida, nyonyesha mutoto. »

Nilipanda toleka kurudi, na mwendesha baiskeli akanisikia nikigomba peke yangu njia nzima. Mtaa mzima unajua majina ya ndoki, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia neno hili!

Nilimchukua mtoto mapajani mwa mama mkwe, nikaketi mkekani, nikampa ziwa. Na papo hapo moyo ukaanza, maana ugonjwa huu hauna adabu. Nilitoa pumzi polepole, kama ninayepuliza chai ya moto. Sikumwachia mtoto. Ikapanda, ikafika juu, ikashuka. Mtoto hakujua lolote, alikuwa ananyonya.

Mama mkwe alikuwa ameniangalia muda wote. Akauliza kama ni kweli muuguzi alisema maziwa hayana shida. Nikamjibu ni kweli. Ndipo akaniambia habari za mtoto wake wa kwanza, ambaye hata mume wangu hakuwahi kumtaja. Kule Isangi aliona pirogi ikizama mtoni na watu, akashtuka, shangazi zake wakamnyang'anya mtoto na kumpa maji ya mchele. Mtoto hakumaliza wiki mbili.

« Alikuwa amenyonya mara moja kisha ule woga, kabla wamukamate, » akasema. « Ni ile maziwa yangu iliua ye. »

« Hapana, mama, » nikasema, na hasira ilikuwa bado mdomoni. « Ni njaa. »

Alijifunika uso kwa kitenge chake. Nilitamani kulirudisha lile neno, ingawa lilikuwa la kweli.