Ruhusa ya Kuchimba Kizingitini

Ofisi ninayofanyia kazi siku hizi, hapa Riyadh, ina mlinzi anayekupitishia mwilini kile kifimbo cha kukagulia chuma kabla hujaingia. Kikipita kwenye funguo zangu hulia tiiit, nami hucheka peke yangu. Nadhani ananiona nina kasoro. Hajui kuwa mlio ule hunipeleka Jeddah, nikiwa na miaka tisa, nimepiga magoti vumbini na kijiko mkononi.

Wakati huo tuliishi Al-Sulay, hapahapa Riyadh, karibu na mabohari, maana Baba alikuwa fundi wa malori huko. Bosi wake alikuwa na mashine ya kutafutia mabomba yaliyofukiwa: mpini mrefu, sahani bapa chini, na visikizio vikubwa vilivyonuka jasho la kila aliyewahi kuvivaa. Siku moja Bibi, mama yake Baba, akapiga simu kutoka Jeddah. Bibi hakuwa mtu wa kunong'ona; hata mimi niliyekuwa jikoni nilimsikia.

"Seif, kiwanja chetu kimezungushiwa mabati. Wanajenga. Kama utakuja na hiyo mashine ya bosi wako, njoo sasa."

Kiwanja chenyewe hakikuwa chetu. Ni pale iliposimama nyumba ambayo Babu na Bibi, waliotoka Unguja, waliipanga miaka mingi na kuzalia watoto wao, kabla mtaa mzima haujavunjwa. Mama alinieleza kwa kifupi: mle ndani lilipotea furungu dogo la fedha, pambo la kuvaa mguuni, la shangazi yangu Zuhura aliyefariki akiwa na miaka miwili, na Bibi alilitaka. Mimi nilisikia "fedha" na "ardhini", basi. Kwangu ilikuwa hazina. Nikafungasha kijiko, mswaki mkuukuu wa kuisugulia hazina, na foronya ya kuibebea.

Mama alibaki na mdogo wangu mchanga. Baba nami tukaondoka baada ya swala ya isha, tusafiri usiku kucha. Kwa kawaida Baba aliimba njia nzima, vibaya, bila haya. Safari ile hakuimba. Nilipomuuliza tutapata vyungu vingapi vya dhahabu, alisema tu, "Tutaona, mwanangu," akaendelea kuitazama barabara.

Asubuhi Jeddah ilitupokea kwa joto lake la majimaji, kama taulo lililotolewa kwenye maji moto. Bibi alikuwa tayari mlangoni, abaya begani, chupa ya kahawa ya tangawizi mkononi. Hata shikamoo yangu aliipokea huku akitembea.

Kumbe mabati yale yalikuwa na mlinzi, Mkenya mrefu aliyeitwa Musyoka. Alitusikiliza vizuri, akampa Bibi kiti chake, kisha akakataa.

"Mzee, mimi nikifungua hii geti bila karatasi, kesho niko kwa ndege narudi Kitui. Leteni barua ya mwenye ploti, mtaingia hata na trekta."

Nilikasirika karibu nilie. Nilinong'ona kwamba pale nyuma bati moja limeinuka, mimi ningepita. Baba alinigeukia kwa ukali ambao sikuuzoea.

"Ardhi ya mtu haichimbwi kwa kujipenyeza. Na vitu vya kale nchi hii vina wenyewe. Tutaomba."

Mwenye kiwanja alikuwa mtoto wa yule aliyewapangisha zamani, na ofisi yake ilikuwa mtaa wa Sharafiya, juu ya maduka ya simu. Ngazi zilinukia udi na sambusa kwa pamoja. Alitukagua, akaitazama ikama ya Baba, kibali chake cha ukaazi, akaniona na foronya yangu, akauliza kwa Kiarabu, "Mnatafuta dhahabu?"

Nilitaka kusema ndiyo. Bibi akatangulia, kwa Kiarabu chake cha Hijazi kilicholainika kwa miaka.

"Natafuta furungu la mwanangu. Alifia katika nyumba ya baba yako, na baba yako ndiye aliyelibeba jeneza lake mbele."

Yule bwana akaweka simu yake mezani. Aliandika mwenyewe: tuchimbe kwa mkono tu, tufukie mashimo, tuwe tumetoka ifikapo alasiri, na tukikuta kitu cha kale tukiache palepale tumpigie, ili awaarifu wahusika. Akagonga muhuri. Bibi aliupuliza ule wino kama anayepoza uji.

"Halas, imekwisha," akasema Musyoka alipoisoma karatasi kwa kidole, neno kwa neno. "Karibuni nyumbani."

Lakini nyumbani kwenyewe kulikuwa wapi? Ndani ya mabati hapakuwa na kitu ila kifusi na vumbi jeupe, sawasawa kila upande. Bibi alizunguka na kuzunguka. Alijipanga na mnara wa msikiti, akahesabu hatua, akakosa, akarudi. Mimi ndiye niliyekanyaga kigae cha buluu na kupiga kelele. Bibi akaja mbio, abaya kaikunja mkononi, akafagia vumbi kwa kiatu. Vigae vikatokea, safu kwa safu, na kimoja katikati kimegeuzwa juu chini.

"Babu yako huyo!" Bibi akacheka hadi akashika kiuno. "Alivipanga mwenyewe, nikamwambia umekosea, akasema ni pambo. Hapa ni bafuni. Basi ukumbi ule, na mlango ni kule."

Baba akavaa visikizio. Tiiit! Nikachimba kwa kijiko: msumari. Tiiit! Kifuniko cha soda. Tiiit! Kopo la samaki, nami nikaliweka kwenye foronya kwa heshima zote. Nilikuwa nimelowa jasho, nimejaa vumbi mpaka kwenye kope, na sikumbuki siku niliyofurahi kuishinda ile.

Kisha nikaona jambo la ajabu. Tangu Bibi aonyeshe mlango ulipokuwa, Baba hakuzunguka tena. Alikwenda moja kwa moja upande wa kushoto wa kizingiti, akaiteremsha mashine, ikalia. Akaiweka kando. Nilipokuja na kijiko, Bibi akanishika bega.

"Mwache babako."

Alichimba kwa vidole. Lilitoka kopo dogo la maziwa lililooza kwa kutu, na ndani yake, ndani ya kitambaa kilichobaki nyuzi, furungu jeusi lenye vinjuga vitatu. Baba hakulinyanyua. Alikaa chini kama mtoto.

"Mama, mimi ndiye niliyelizika. Kila ukilishika ulikuwa ukilia. Nikadhani ukilikosa utaacha. Halafu ukalitafuta mwezi mzima, nikaogopa kusema."

"Najua," Bibi akasema. "Nilikuona dirishani."

"Uliniona?"

"Ulikuwa na miaka saba. Ulichimba kwa mwiko wangu wa pilau, ukaurudisha una mchanga. Nilikuwa nalitafuta ili unione natafuta, labda utasema. Hukusema. Nikakuachia."

Wakalia wote wawili, na Musyoka kule langoni akageukia barabarani. Mimi nilisimama na foronya yangu, nimefedheheka. Niliwaza: hazina tumeipata, sasa hawa wanalia nini?

Tulifukia mashimo yote. Kuanzia mwaka ule kila likizo tulikwenda Jeddah, tukalala wiki nzima, na Baba akiimba njia nzima. Kabla ya hapo hakuwahi kulala kwa mama yake zaidi ya usiku mmoja. Siku zote kulikuwa na lori linalomsubiri. Mimi nilidhani ameanza kupenda bahari.

Ilinichukua kuwa mtu mzima, na kuwa na mtoto wangu anayenificha mambo, kuelewa kwamba Bibi hakulihitaji furungu. Mahali lilipo alipajua muda wote ule alioishi mle. Alichoona ni mwanawe akizidi kukaa mbali, na mabati yakikaribia kuifunga ile sehemu pekee ambapo angeweza kusema. Akamwita aje na mashine. Ruhusa ya mlinzi na ya mwenye kiwanja tuliipata mchana mmoja. Ile ya tatu, ya mama yake, Baba aliingoja zaidi ya miaka ishirini, na mwenye kuitoa alikwisha kuitoa tangu siku ile ya kwanza, akiwa dirishani, akimtazama mtoto wake akisawazisha mchanga kwa mikono miwili.