Hakupotea, Aliuzwa

Shuaibu Mwinjuma alimuuza mwana hiti wa ukoo wa mama yake, kisha akanyamaza, akamwacha mdogo wake Dija abebe jina la kumpoteza. Jambo lenyewe ndilo hilo. Yaliyobaki ni maisha ya Dija, jinsi yalivyokwenda kombo kwa ajili ya kimya cha mtu mmoja.

Mwana hiti ni mtoto wa mti. Hana mikono, ana maziwa mawili madogo na kishungi cha nywele kilichogawanyika katikati. Msichana akivunja ungo na kuwekwa ndani, hupewa mwana huyo amtunze: amwogeshe, ampake mafuta, alale naye. Akishatolewa, mwana hurudi kwa mwanamke aliyekabidhiwa na ukoo, akaviringishwa kwenye kaniki na kusubiri mwali mwingine. Kaniki hiyo haifunguliwi ovyo, na mwanamume haigusi.

Mama yao alipokaribia kufa alimkabidhi Dija, kitinda mimba, mwana huyo, kwa sababu Dija ndiye aliyembeba kwenda chooni na kumlisha uji. Dada mkubwa, Zuwena, hakupenda, ila alinyamaza. Baada ya arobaini Shuaibu akaja kuziba paa la nyumba ya marehemu pale Mapinga. Akashinda juu ya paa, akashinda ndani, akaondoka. Haukupita muda akaonekana na baiskeli mpya, akasema kapata kibarua kizuri Bagamoyo. Dija alipoumwa homa alimpakia nyuma akampeleka zahanati, naye Dija njia nzima akamwombea dua kaka yake. Hakujua amekalia nini.

Kisha Naila, binti wa Zuwena, akavunja ungo. Wanawake wa ukoo wakajaa uani, wengine wametoka Lugoba na Vigwaza. Dija akatoa kaniki kwenye kasha, uzito ni ule ule, akapiga magoti mbele yao, akafungua. Kikatoka kipande cha mti wa mwarobaini.

Bi Sihaba, kungwi wao, ndiye aliyeuliza, "Mwana umempeleka wapi, Dija?" Dija akarudi kwenye kasha, akalipekua hadi chini. Shuaibu akaitwa kutoka upande wa wanaume. Alisimama kwenye ua akakunja mikono, akasema kwa upole, "Mama zangu, msimlaumu sana. Huyu mdogo wangu toka zamani msahaulifu. Pengine alimtoa akamwacha mahali, akaogopa kusema. Namwombea msamaha."

Alimwombea msamaha! Hilo ndilo lililomkaa Dija kooni kama mwiba wa samaki hadi leo.

Tangu siku hiyo akaitwa Dija Mpoteza Mwana. Hakuitwa tena kwenye unyago wowote. Mumewe, Bilali, hakuwa mtu mbaya, lakini mtoto hakupatikana, na mtaa ulikwisha kumpatia sababu. Akaoa mwingine, akahamia Kiwangwa. Naila alipoharibikiwa mimba ya kwanza, macho yote yakageuka kwa Dija. Siku hizi Mapinga imejaa watu waliotoka mjini kununua viwanja, na wao hawajui mwana hiti ni kitu gani. Wakisikia jina hilo hudhani alipoteza mtoto wa damu. Mara moja mama mmoja wa nyumba ya geti jeusi alimnyang'anya mwanawe aliyekuwa mikononi mwa Dija, akasema samahani, mtoto anataka kulala. Mtoto alikuwa anacheka.

Dija akajikalia na ukili wake. Husuka mikeka, anakata miyaa, anaanika, anatia rangi, anashona. Mkeka haumuulizi mtu jina.

Mwaka huu binti wa Naila, Zuhura, akavunja ungo. Zuwena akasema mjukuu wake atachezwa likizo ya shule, siku chache tu, bila mwana kwa kuwa mwana hayupo. Akatuma maneno kwa Dija: asijisumbue kuja.

"Niambie wewe, mwanangu," Dija alimwambia Naila, "nimemlea nani mie zaidi yako? Nisimshike hata mkono huyo mtoto?"

"Mama mdogo, unamjua mama. Ngoja nitaongea naye."

"Umeanza kuongea naye tangu unanyonya."

Naila akacheka kwa aibu. Anaishi Bunju, anafanya biashara ya vitu vya asili kwa simu, na ndiye aliyempatia Dija mteja wa mikeka Dar es Salaam. Mteja mwenyewe ana duka pale ufukweni, kwenye maghala ya zamani yaliyogeuzwa mahali pa wasanii na makumbusho. Jumamosi moja wakaipakia mikeka kwenye gari la rafiki wa Naila, wakaenda.

Mahali penyewe pamependeza, hilo Dija hakulikataa. Maghala yamepakwa rangi ya bahari na ya manjano, kuta zimechorwa nyuso kubwa za watu wasio na jina. Vijana walikuwa wanajipiga picha mbele ya mlango uliong'olewa kwenye nyumba ya mtu na kusimamishwa peke yake kwenye nyasi, hauendi popote. Kikombe cha kahawa kilikuwa kikubwa kama bakuli. Honi ya boti ya Unguja ilipolia, hakuna aliyegeuka.

Mwenye duka, Nadhira, aliye pia mmoja wa wasimamizi wa makumbusho, alimpokea kwa heshima. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mikeka yako inagombewa. Wanaitundika ukutani."

"Ukutani? Wanalalia nini sasa?"

Nadhira akacheka sana, akawaambia waingie makumbusho wapumzike kwenye ubaridi. Wanaoleta kazi pale hawalipi kiingilio.

Ndani kulikuwa na baridi ya duka la nyama. Wakapita ngoma, wakapita vinu, Dija akimwuliza Naila kwa nini vinu vimewekewa taa. Walipofika chumba cha mwisho akasikia sauti. Hakuiona bado, aliisikia tu, sauti ya upole, ya mtu aliyekunja mikono.

"...mimi ndiye mrithi wa ukoo huu. Mama yetu alinikabidhi mwenyewe, kwa mkono wake..."

Ilikuwa runinga kubwa ukutani. Shuaibu alikaa humo kwenye kiti cha kuchongwa, kanzu nyeupe, kofia ya mshono wa mkono. Mbele ya runinga, ndani ya kioo, chini ya taa, alisimama mwana.

Dija hakuhitaji kuambiwa. Ubavuni alikuwa na doa jeusi, alipoungua siku Dija mwenyewe akiwa mwali alipomlaza karibu mno na moto, akalia usiku kucha, na mama yake akampaka mafuta mwana huku akimpangusa machozi Dija. Lile doa lilikuwa pale pale. Shanga zake nyeupe zilikuwepo. Nguo hakuwa nayo. Wavulana wawili walisimama kando yake wakaweka vidole kifuani kama maziwa wakajipiga picha.

Dija akavua mtandio wake wa juu, akaufunika kioo.

Mlinzi akaja mbio. "Mama, hairuhusiwi."

"Huyu ni mtoto wa kike. Mmemweka uchi mbele ya wanaume."

"Mama, ni sanamu tu hiyo."

"Na mama yako ni nyama tu?"

Nadhira alikuwa ameshafika kwa zile kelele. Akamtuliza mlinzi, akamwuliza Naila kuna nini, macho ya Naila yako kwa mjomba wake ukutani. Basi Nadhira akaeleza analolijua: kwamba mgeni mmoja alimnunua sanamu yule kwa mzee huyo miaka mingi iliyopita, wakati mzee bado kijana, akamchukua kwao. Mgeni huyo alipofariki, watoto wake wakamrudisha nchini. Makumbusho wakamtafuta mzee, wakamrekodi mwaka jana.

"Alimnunua?" Dija akauliza. "Sema tena, mwanangu. Alipewa au alimnunua?"

"Alimnunua, mama. Mzee mwenyewe alituambia, siyo siri. Alisema alipata baiskeli."

Dija akakaa chini, pale pale sakafuni. Hakulia. Alihisi kitu chepesi kifuani, kama mtu aliyeshushiwa mzigo barabarani, na papo hapo akahisi uchungu kwamba alikuwa ameubeba kwa umri wake wote wa kuzaa. Naila akapiga magoti akamshika mabega. "Mama mdogo. Nisamehe. Nisamehe mie." Kisha akasimama akairekodi runinga yote kwa simu, tangu mwanzo.

Jioni ile Zuwena aliitazama video barazani kwake. Akasema irudiwe. Mara ya tatu akasema, "Kumbe," basi. Dija alisubiri neno la pili. Alisubiri hadi chai ikapoa.

Kesho yake Shuaibu akaitwa. Alikuja na tasbihi mkononi.

"Kwanza," alisema, "lile jambo la kishirikina. Mimi niliwaondolea sanamu nyumbani. Mngenishukuru."

"Kwenye video mbona ni urithi?" Dija akamwuliza. "Mapinga ni sanamu, ukifika mjini ni urithi? Kaka, chagua moja."

"Ungemtunza wewe angeliwa na mchwa. Sasa ana kioo, ana taa, ana baridi. Wewe una kioo?"

"Nilikuwa na jina."

Shuaibu akamgeukia dada yao. "Dada, mambo ya kale haya. Mama angekuwa hai angetaka tugombane?"

"Mama angekuwa hai angekutoa macho," Dija akasema.

"Dija!" Zuwena akanyanyua mkono. "Yaishe. Mmezaliwa tumbo moja. Aibu ya Shuaibu ni aibu yetu sote, tukiisema uani itatembea hadi Lugoba. Ana wakwe, ana msikiti anaousimamia. Wewe utakuja kwenye ngoma ya Zuhura, utakaa na mwali, mimi mwenyewe nimekubali. Nadhira amesema wataturuhusu tuje na mwana kwa siku hizo, kwa sharti la kumrudisha. Bi Sihaba atawatangazia wanawake kwamba mwana ameonekana. Imekwisha."

"Ameonekana?"

"Si ameonekana?"

"Dada, kitu kinachoonekana ni kilichopotea. Akionekana, basi nilimpoteza. Mtanisamehe kwa kosa la mtu mwingine mara ya pili."

"Neno moja tu hilo, Dija."

"Kama ni moja tu, lisemeni lile jingine. Aliuzwa. Nalo ni moja."

Shuaibu alikuwa anavuta tasbihi, punje baada ya punje. Naila alitazama miguu yake. Video ilikuwa kwenye simu, simu ilikuwa mapajani mwake, na pale ilibaki.

Siku ya ngoma Dija alioga, akajifukiza udi, akavaa doti yake mpya. Alitaka mno kuingia. Mtu asimdhanie hakutaka. Alikuwa amepika mafuta ya nazi mwenyewe kwa ajili ya Zuhura, ameyatia kwenye chupa safi. Alipofika mlangoni aliwaona wote, wale wale waliokuwepo siku ya mwarobaini, wamezeeka, na katikati yao Zuhura ameinamisha kichwa, shingo nyembamba kama ya mama yake. Mkononi alikuwa na mwana, amevalishwa.

Bi Sihaba akasimama kwa fimbo yake. "Wanawake wa ukoo! Mwana ameonekana!"

Vigelegele vikapasua paa. Mmoja wa kutoka Vigwaza akamwona Dija mlangoni, akamkimbilia na mikono wazi. "Njoo, Dija! Njoo, Mungu mkubwa, ulimpoteza na amerudi! Tumekusamehe, mwaya!"

Dija akamwangalia Zuwena. Zuwena akaangalia pembeni. Naila alikuwa nyuma ya mwanawe, akimfunga kanga, kichwa hakukiinua.

"Hakupotea," Dija akasema. "Aliuzwa. Muulizeni aliyepata baiskeli."

Lakini ngoma ilikuwa imeshaanza, na walio karibu waliosikia walimtazama Zuwena, naye akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayeomba radhi kwa ajili ya mgonjwa. Yule wa Vigwaza akashusha mikono.

Dija akampa mtoto aliyekuwa mlangoni ile chupa ya mafuta aipeleke kwa mwali, akarudi kwake. Mwana alikaa siku zake, kisha akarudishwa mjini kwenye kioo. Nadhira ametuma salamu kwamba siku hizi amevalishwa kitambaa. Huyo ni mtu wa kuja, hana udugu nao, na ndiye peke yake aliyetengeneza kitu.

Dija bado anasuka. Hadai baiskeli, ilikwisha kuoza. Shuaibu anadaiwa neno lake, alitamke kwa kinywa kile kile kilichomwombea msamaha, uani pale pale, mbele ya wanawake wale wale kabla hawajafa: nilimuuza mimi. Zuwena anadaiwa kuwaita. Naila anadaiwa kuitoa simu mapajani na kuiwasha.

Na Bi Sihaba ameshapita themanini.