Kiswidi cha Kwaya

Baba mdogo alinipigia simu kutoka mji wa Buffalo, akaanza hata bila salamu. "Kiswidi cha nini, wewe? Njoo huku East Side. Kuna kazi, kuna kanisa, kuna watu wako."

Mtu wangu hasa alikuwa dada yangu mkubwa. Tulipotoka kambi ya wakimbizi Tanzania, yeye alipelekwa Sweden, mimi nikaletwa Marekani, mji wa Louisville. Chuo cha mji wake kingenichukua kama ningefaulu usaili wa Kiswidi, na usaili ulikuwa mji mwingine, Columbus. "Shikamoo, baba," nikamwambia. "Nitakwenda kwa dada." Akanikatia simu.

Nilijifunza vile tulivyojifunza kila kitu kambini. Vitabu vya nyimbo havikutosha, kwa hiyo kiongozi wa kwaya alitoa mstari, sisi tukapokea. Jeffersontown, pembeni mwa Louisville, nikifunga maboksi ghalani, dada alikuwa sikioni mwangu kwenye simu. Mimi natoa neno kutoka orodha ya chuo, yeye anapokea na maana yake. Universitetets, ya chuo kikuu. Fakultetens, ya kitivo. Avhandlingens, ya tasnifu. Maneno ya wasomi, yote na s yao mwishoni kuonyesha kitu ni cha nani, na hakuna hata kimoja kilichokuwa changu. Hilo lilinitia hasira, nikazidi kuimba. Wenzangu waliniona nimerukwa na akili.

Columbus, mwalimu Mswidi aliyenisaili alinipa ukurasa wa maneno hayohayo niyasome na kuyaeleza. Ulimi ukawa mzito. Nikajaribu tena, wapi! Akaanza kukusanya karatasi zake kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma. Nikasimama, nikapiga makofi, nikatoa mstari wa kwanza.

"Hapa hatuimbi," akasema.

"Mimi naimba. Wewe sikiliza."

Nikaimba ukurasa mzima. Kila nikitoa mstari nilinyamaza kidogo, halafu nikapokea mwenyewe. Sauti ilinikauka, machozi yakanitoka, sikukaa chini. Nilipomaliza, aliniuliza kwa Kiswidi kwa nini nilikuwa nanyamaza kila baada ya mstari. Nilidhani ananikejeli.

Nikamjibu kwa Kiswidi, bila wimbo, bila kutafuta maneno: "Hapo ni zamu ya dada yangu. Yuko kwenu. Na mimi nakwenda, upende usipende."

Akachukua kalamu, akatia saini kwamba nimefaulu.