Mkono Kwenye Matete ya Luiche

Haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona mwenyewe, kumekucha, sijalewa wala sina homa. Nakuomba jambo moja tu: ukimaliza kunisikiliza usiniambie kwamba niliota. Wengi wameshaniambia hivyo, na kila mmoja wao asubuhi ile alikuwa kitandani kwake.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Kama ulikuwa Kigoma wakati huo, unakumbuka. Watu walivuka kutoka Burundi na Kongo kwa maboti, kwa mitumbwi, wengine kwa miguu wakiwa na magodoro kichwani. Mwanzoni tuliwapokea kwa uji na mikeka. Nyumbani kwetu Kasingirima waliwahi kulala watu tisa sebuleni, na mke wangu hakunung'unika. Lakini huruma nayo huchoka, ndugu yangu. Kipindupindu kilipoingia, milango ikaanza kufungwa. Tukaambiwa ukimwona mgeni ameshukia ufukweni usimchukue, katoe taarifa ofisi ya mtaa. Nitasema kweli: wengi wetu agizo lile lilitupendeza kuliko tulivyokubali kukiri.

Mimi kazi yangu wakati huo ilikuwa ya kuchekesha. Nilikuwa naonyesha watu ndege. Zamani nilikuwa mvuvi, nikayajua matete ya mdomo wa mto Luiche, kule kusini ya Ujiji, kama ninavyoujua ua wa nyumba yangu. Basi akatokea nesi mmoja wa kigeni, tumwite Marta, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kambi za wakimbizi. Kiswahili alikijua vizuri. Jumapili ilikuwa siku yake ya kupumzika, na alikuwa na vimtumbwi viwili vya plastiki, vyembamba, kila kimoja cha mtu mmoja, vinaitwa kayaki. Vijana wa Ujiji waliviita maganda ya karanga. Yeye alikaa kimoja na mimi kimoja, tukapiga makafi kimyakimya mpaka kwenye matete, yeye na darubini yake na daftari lake, mimi nikimwonyesha: yule mnandi anakausha mabawa, yule mdiria anataka kupiga mbizi, wale yangeyange.

Watu walitucheka. "Wenzao wanakimbia vita, hawa wanakimbizana na ndege!" Siku moja nikamwuliza Marta, hivi kwa nini hasa? Akanijibu, "Kaka, wiki nzima naangalia watu wanaoniomba niwaokoe. Jumapili nataka kuangalia kitu ambacho hakiniombi chochote." Nilimwelewa. Hata mimi nilikuwa nimechoka kuombwa.

Sasa sikiliza.

Jumamosi moja alasiri nilikwenda peke yangu na kayaki moja, kama kawaida, kupeleleza ndege wamekaa upande gani ili kesho yake nisimzungushe mgeni bure. Usiku wa kuamkia siku ile upepo ulikuwa umevuma vibaya, na ziwa bado lilikuwa na hasira. Nikiwa mbali na matete, kiasi cha kurusha jiwe mara tatu, niliona mkono. Mkono wa mtu, umenyooshwa juu, na kichwa chini yake. Ukapungwa mara moja, ukatulia, ukapungwa tena.

Unafikiri nilifanya nini?

Nilisema moyoni, ni mvuvi anamwita mwenzake. Kisha nikasema, labda ni mkimbizi, na kama ni mkimbizi basi kuna wahusika. Nikasema, kayaki hii ni ya mtu mmoja, nikimbeba tutazama wote. Nilijipa sababu nyingi, na hakuna hata moja iliyokuwa ya uongo kabisa. Nikageuza. Na hiyo taarifa ya ofisini sikuitoa, maana nilifika jioni na ofisi imefungwa. Mke wangu akaniuliza mbona huli. Nikamwambia nimekula maandazi njiani, pale Katonga.

Jumapili, baada ya sala ya alfajiri, nilimkuta Marta ufukweni ameshavishusha vimtumbwi. Maboti ya dagaa yalikuwa yanarudi, taa zimezimwa. Tukaondoka. Maji yalikuwa yametulia, na kwenye mdomo wa mto kulikuwa na ukungu mwepesi uliokaa juu ya maji kama moshi wa jiko la mkaa. Sikumwambia habari ya jana. Lakini nilimwongoza upande ule ule. Kwa nini? Sijui. Pengine nilitaka nione hakuna kitu, roho yangu itulie.

Alikuwapo.

Mwanamke, amesimama kwenye ukingo wa matete, maji yanamfika magotini. Amejifunga kitenge cha kijani chenye majani ya njano, kichwa wazi. Sikuona hofu hata kidogo. Kwa kweli nilishukuru. Nikasema, Alhamdulillahi, yuko hai. Nikasogea mpaka tukawa tunasikilizana.

"Amahoro," akanisalimia kwa Kirundi, sauti ya chini.

Mama yangu ni Muha, na Kiha na Kirundi ni ndugu, kwa hiyo tulielewana. Nikamjibu, nikamwambia, "Pole dada. Subiri hapo hapo. Nitarudi Ujiji nilete boti kubwa."

Akasema, "Nimeshasubiri." Hakuwa na ukali. Aliyasema kama mtu anayekupa habari tu. Kisha akasema, "Abana banje," yaani watoto wangu, akanyoosha mkono kwenye kijia cha maji kinachoingia ndani ya matete.

Hapo nikasikia Marta nyuma yangu ananong'ona kwa hasira: "Kaka, nyamaza! Utamfukuza!"

Nikageuka. Ameweka darubini machoni, anatabasamu. Nikamwuliza, "Nitamfukuza nani?"

"Korongo yule. Mkubwa kuliko wote, mwenye shingo ya rangi ya kutu. Miezi minane namtafuta. Mbona unampigia kelele?"

Nikaelekeza kafi ukingoni. Nikamwambia, "Dada Marta, mimi naongea na mama huyu hapa. Mwenye kitenge cha kijani, kina majani ya njano. Humwoni?"

Akashusha darubini, akaniangalia mimi. Wala hakuangalia matete, aliniangalia mimi, kama nesi anavyomwangalia mgonjwa. "Hapo kuna ndege tu," akasema polepole.

Nikachukua kafi langu nikalitumbukiza pale nilipokuwa, hatua mbili hivi kutoka kwa yule mwanamke. Likazama lote, na mkono wangu ukazama mpaka kwenye kiwiko, sikugusa chini. Naye amesimama, maji magotini.

Nilitaka kukimbia, sikufichi. Midomo yangu ilikuwa inasoma Ayatul Kursiyyu yenyewe. Lakini yule mwanamke akageuka, akaanza kwenda kwenye kile kijia bila kuacha hata kiwimbi, na Marta akasema, "Anaingia ndani, twende polepole," akapiga kafi akanipita. Yeye alikuwa anamfuata ndege wake. Ningemwachaje mgeni wangu aingie peke yake? Nikafuata. Kwa hiyo usinisifu kwa ujasiri. Aibu ndiyo iliyonisukuma.

Kijia kilipinda mara mbili. Kwenye kona ya pili Marta akasimama, akasema, "Ameruka." Mimi sikuona aliyeruka. Niliona tu kwamba mbele yetu hakuna mtu tena, na kwamba katikati ya matete yaliyolala kuna mtumbwi umepinduka, tumbo juu. Juu ya tumbo lile alikuwa amelala mtoto wa kike wa miaka minne hivi, amefungwa kwenye mtumbwi kwa kipande cha kitenge. Cha kijani. Chenye majani ya njano.

Marta alikiona kile kitenge, akaniangalia tena. Safari hii hakuniangalia kama mgonjwa.

Mtoto alikuwa hai. Midomo imepasuka, macho wazi, anatutazama bila kulia. Kifuani kwake, ndani ya kile kile kitambaa, alikuwa amemkumbatia mdogo wake, wa kiume, wa miezi michache. Marta akamgusa yule mdogo shingoni, akakaa hivyo muda mrefu. Akaniambia bila kuinua uso, "Huyu ameondoka usiku huu. Bado hajakakamaa."

Usiku huu. Unanisikia? Jumamosi alasiri, mimi nilipokuwa nageuza kayaki, yule mtoto alikuwa anapumua.

Marta alimkalisha yule wa kike mbele yake. Mimi nilimbeba mdogo mapajani mwangu, nimemfunika kwa shati langu, mpaka Ujiji. Sikuhisi uzito wowote, na sijawahi kubeba kitu kizito kama kile. Mchana wavuvi walikwenda, wakamkuta mama yao ndani ya matete, si mbali na pale ukingoni. Amejifunga nusu nyingine ya kile kitenge. Tulimzika na mwanawe pamoja. Hatukujua dini yake, basi sheikh akaomba, na katekista wa Kihutu aliyekuwa kambini akaomba pia.

Yule wa kike jina lake ni Nadine. Alipelekwa kambini, akaandikishwa, ndugu zake wakatafutwa, hawakupatikana. Marta alihangaika na makaratasi miezi mingi mpaka tukaruhusiwa kukaa naye. Alikulia Kasingirima, akaongea Kiswahili cha Ujiji na kunitukania majirani. Mke wangu alimpenda kupita kiasi. Mimi nilimpenda kwa woga, kama mtu anayekula chakula ambacho hajakilipia. Marta mwenyewe baada ya siku ile hakuangalia ndege tena. Jumapili akawa anakuja kumwangalia Nadine. Kabla hajarudi kwao alinifungulia daftari lake: kwenye ukurasa wa siku ile, saa moja na nusu asubuhi, ameandika jina la korongo yule, kisha amelikata kwa mstari mmoja. Hakuandika kitu kingine mahali pake.

Amani iliporudi Nadine alikwenda kwao Burundi, akaolewa huko. Mwaka juzi alikuja kutusalimia, na watoto wake wawili. Nami nikasema sasa nimezeeka, nikifa na jambo hili nitaulizwa mbele ya Mungu. Tulikuwa tumekaa uani anachambua dagaa. Nikamwambia yote, tangu ule mkono wa Jumamosi.

Hakulia. Aliendelea kuchambua kwa muda, kisha mikono ikasimama. Akasema, "Baba, mimi nakumbuka mama alivyotufunga. Aliniambia nimshike mdogo wangu, yeye anakwenda kutafuta watu. Akaingia majini. Siku ipi, sijui."



Akaniuliza, "Ule mkono uliokupungia Jumamosi, ulikuwa wa mama akiwa hai, au alikuwa ameshakufa?"

 Marta alipouangalia ule mwili alisema maji yale hayampi nafasi ya kujua amekufa lini. Yaweza kuwa siku moja, yaweza kuwa mbili. Kwa miaka yote ile nilijiuliza kuhusu mtoto mdogo. Kuhusu mama sikuwahi kuthubutu.

Nadine alisubiri jibu. Alipoona halipo, akasema taratibu, "Basi tuseme alikuwa ameshakufa, Baba. Tuseme hivyo." Akarudi kwenye dagaa. Jioni akanipikia, akaninawisha mikono kama kawaida, na kesho yake akaondoka. Huwa anapiga simu kila mwezi. Swali lile hajalirudia, nami silali kwa sababu yake.

Watu wakisikia kisa hiki huniuliza dua ya kujikinga na vitu vya ziwani. Ninazo, nitakufundisha ukitaka. Lakini mimi nilikutana na mzimu, na mzimu haukunidhuru hata ukucha. Kilichonidhuru ni zile sababu zangu za Jumamosi, zote nzuri. Kwa hiyo nakuonya wewe unayepita ziwani, au barabarani, au popote: ukiona mkono umeinuliwa, usikae mbali ukapima kama ni wa mvuvi, au wa mkimbizi, au wa jini. Nenda. Kama ni mtu au si mtu, utajua ukifika.