Mpika Dawa Asiyevuka Lango

Miaka ya elfu mbili na kitu, nyumba yetu ya Mji Mkongwe ilipopata kompyuta, niliingia mchezo wa mtandaoni wenye mapanga, majoka na wachezaji kutoka dunia nzima. Wenzangu walichagua ushujaa. Mimi nilichagua kupika dawa, kwa sababu chungu kilikuwa ndani ya lango la mji na sikutakiwa kwenda popote. Hata mchezoni nilikuwa mtu wa kukaa nyumbani.

Unatia majani, unatia maji, unangoja. Ukikosea, chungu kinafuka moshi mweusi. Nikapanda cheo mpaka kikabaki kimoja tu, cha fundi mkuu. Hicho kilidai ua jekundu la kinamasini, nje ya lango, kwenye majoka.

Nikafanya ninavyojua. Ilikuwa Ramadhani, na kwetu sahani ya futari uliyompelekea jirani hairudi tupu. Basi kila shujaa aliyetoka nilimpa dawa ya majeraha, bure, nikakaa kungoja ua langu. Walipokea, hao, wakaenda zao. Hata ahsante.

Dada yangu mkubwa, aliyekuwa akiisubiri simu maana intaneti ilikuwa imeikalia laini, akachungulia.

"Watu wenyewe unawajua?"

"Siwajui, dada."

"Nyumba zao?"

"Wala."

"Ebo! Sahani umeitupa baharini, unangoja mawimbi yakuletee sambusa."

Alasiri moja, shujaa mmoja akarudi. Akasimama mbele yangu, akafungua mkoba, akanikabidhi chupa zangu. Tupu. Zote.

"Angalau kaziosha?" akauliza dada.

Nikazijaza upya, na kwa kuwa hapakuwa na mwengine langoni wa kumpa, nikatoka nazo mwenyewe. Joka la kwanza liliniuma hatua chache tu nje ya lango. Nikanywa dawa yangu, mara ya kwanza tangu nianze kuipika, na jeraha likafunga. Nikaumwa tena, nikanywa tena. Nikalichuma ua, nikarudi mbio kuliko nilivyowahi kukimbia kwa miguu yangu halisi. Chungu kikafuka moshi wa dhahabu. Fundi mkuu.

Nikamwita dada aone.

"Mashaallah. Na majoka?"

"Nshayapita."

"Basi sasa toka kweli, ukaninunulie mkate wa mofa sokoni Darajani kabla ya adhana."

Nikachungulia dirishani. Watu walikuwa wengi barabarani. Nikamuuliza kama hakuna jirani anayeelekea huko.