Pipa la Bi Kinu

Zamani hapa kisiwani Niijima nyumba iliheshimiwa kwa uvundo wa pipa lake, na siku hizi watu wanapulizia manukato hata chooni.

Pipa la Bi Kinu lilikuwa na maji ya chumvi yaliyoanzishwa na bibi wa mama mkwe wake. Alilowekea humo samaki, akawaanika juani, wakawa kusaya, kitafunio cha kushushia pombe. Maji hayo hayamwagwi. Huongezwa chumvi tu, na kila kizazi hukirithisha kinachofuata.

Alipopelekwa Tokyo kupasuliwa nyonga, mkaza mwanawe Reika, mtu wa bara, aligeuza nyumba kuwa ya kulaza wageni. Bi Kinu akarudi akakuta pipa limepandwa maua.

"Maji yangu yako wapi?"

"Yale machafu, mama? Nimeyamwaga mtaroni. Wageni walikuwa wanauliza kama tumeficha maiti."

Akajikongoja hadi kwa jirani yake Hatsu kuomba kata moja tu ya kuanzia upya. Hatsu alicheka mpaka akakohoa.

"Wewe Kinu! Si ulikuwa unasema yetu yananuka soksi? Kaanzishe yako. Yatakolea wajukuu wako wakishazeeka."

Mara ya mwisho nilipowaona, Bi Kinu alikuwa ameketi karibu na bomba, akinusa viganja vyake, maana harufu ya pipa ilikuwa imebaki humo tu. Reika alikuja na brashi na sabuni.

"Lete mikono, mama. Meli ya wageni imefika."

Bi Kinu akakunja ngumi. Reika akazikunjua, kidole kimoja kimoja, akaanza kusugua.